Mchezo wa Kubeba Kwapani

Harufu ya kitu kinachopata joto kupita kiasi hainidanganyi. Juzi alasiri, mvua ikipiga mabati, niliinusa ikitoka chumbani kwa mjukuu wangu Editha, na kabla akili haijafika kwenye nyaya za umeme, pua ilikwisha kunirudisha kwenye kilima chetu upande wa Ngara, utotoni, pale chuma chekundu kilipokuwa kikizama kwenye mti na moshi mwembamba ukipanda, mtamu kidogo mwanzoni, kisha mchungu kooni. Niliingia bila kubisha hodi. Editha alikuwa amekaa kitandani, kompyuta yake ndogo ameilaza juu ya blanketi, na kile kifeni cha ndani kinavuma kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. "Editha, hicho kitu kinaungua," nikamwambia. Hakuinua macho. "Hakiungui, Babu. Ni gemu tu. Ikicheza gemu ndivyo inavyokuwa." Nikaweka kiganja ubavuni mwa ile mashine na kukiondoa haraka. Ilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Hapa Nyakahura nimekuwa kama shahidi wa kitu hicho, maana ni mimi niliyekileta nyumbani. Jirani mmoja anayetaka kumnunulia mwanawe cha namna hiyo alinisimamisha tukitoka misa, akaniamkia, kisha akauliza: "Mzee Leonsi, hizi kompyuta ndogo za kubeba, kwa michezo zinafaa?" Nikamjibu hazifai. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akasema, "Najua, zinapata moto, na chaji haikai." Nilimwacha aende na jibu hilo. Si la uongo, lakini si nililokuwa nalo moyoni. Nililokuwa nalo lilihitaji nianzie mbali, na mlango wa kanisa si mahali pa kuanzia mbali. Nitaanzia mbali hapa.

Kiangazi ninachokikumbuka kilikuwa kile cha mwisho kabla sijaanza kunyoa ndevu za kwanza. Nyasi za vilimani zilikuwa zimechomwa, na upepo ulileta masizi hadi kwenye maziwa. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, maharage yamepigwa, na kwenye kila ua palinuka ndizi mbivu zilizofukiwa kwa ajili ya pombe. Asubuhi ukungu ulilala bondeni kando ya mto Ruvubu, mweupe na mzito, na sisi watoto wa kiume tulipandisha ng'ombe juu yake kana kwamba tunatoka majini. Juu kabisa palikuwa na uwanda wa udongo mgumu, mabaki ya kichuguu cha zamani kilichosawazishwa na kwato. Hapo ndipo palipokuwa na mashimo yetu. Yalikuwa safu nne, yamechimbwa na watu tusiowajua, baba zetu waliyakuta, na kila kiangazi tuliyakwangua upya kwa kigae na kuyasiliba kwa kinyesi cha ng'ombe hadi yakang'aa. Mchezo wenyewe Waswahili wanauita bao. Kwetu tulisema kubuguza. Kete zetu zilikuwa mbegu za mgomba mwitu, nyeusi, ngumu, kubwa kuliko punje ya hindi, na zilikuwa zimeshikwa na vidole vingi mno kiasi kwamba zilikuwa laini kama kokoto za mtoni.

Mtu asiyejua mchezo ule anadhani unachezwa na watu wawili. Wawili ndio wanaochuchumaa, ndiyo, lakini unachezwa na kilima kizima. Waliosimama nyuma wanahesabu kwa sauti, wanahesabu vibaya makusudi ili kumchanganya mchezaji, wanatukana ukoo wake kwa utani, wanaapa kwamba ng'ombe wake wameshaingia kwenye mihogo ya watu. "Sambaza, wee! Au unazitaga hizo kete?" "Mwacheni, mama yake alimwachisha ziwa jana!" Kelele hizo ndizo zilizokuwa chumvi ya mchezo. Mchezaji hodari alijulikana kwa namna alivyokaa ndani ya kelele hizo bila kutikisika, na katika rika letu hodari alikuwa mmoja tu.

Aliitwa Melkiori, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, mpole hata kwa ng'ombe. Alipochota kete shimoni hakuzitazama. Aliwatazama watu usoni akitabasamu, huku vidole vikimwambia idadi. Alijua kwa kugusa tu kama zitaishia kwenye shimo tupu au zitakula, na alipokula, alisema neno lilelile kila siku, taratibu, kama anayemwombea mtu msamaha: "Pole, ndugu yangu." Nadhani nilisikia pole hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mimi nilikuwa wa pili. Wa tatu haumii. Wa pili analala na kuamka na jina la wa kwanza.

Mchezo ndio uliomfichua. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Melkiori hakuficha chochote. Hata yeye hakujua. Siku moja alisambaza kete akaruka shimo. Watu walicheka wakidhani ni mbwembwe. Kesho yake alichota, akatabasamu kama kawaida, na kete moja ikabaki shimoni bila yeye kujua. Halafu zikaanza kumdondoka. Tulimtania kwamba amekula mafuta ya nguruwe. Yeye alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayetazama mkono wa mgeni. Baadaye mama yake aliona baka begani, mahali palipokuwa pamepauka na kutoona hata maumivu ya mwiba, na mganga wa zahanati ya misheni alipochoma baka hilo kwa sindano bila Melkiori kushtuka, neno likarudi kilimani kabla yao: ukoma.

Siwezi kumlaumu mtu kwa yaliyofuata zaidi ya ninavyojilaumu mimi. Watu walikuwa na hofu, na hofu yao ilipata mahali pa kushika: zile kete. Katika kubuguza hakuna kete yako wala yangu. Ukila, unachukua alizoshika mwenzako, unazisambaza, naye anazichukua tena, na ikifika jioni kila mbegu imepita katika kila mkono. Mama yangu, mwanamke aliyesali rozari bila kukosa, aliniita jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiguse alichogusa." Wazazi wa wengine walisema vivyo hivyo. Hakuna aliyesimama mbele ya Melkiori na kumfukuza. Alipopanda kilimani, ng'ombe walikumbukwa ghafla, na vijana wakatawanyika mmoja mmoja wakipiga miluzi, mpaka akabaki amechuchumaa peke yake kwenye safu nne za mashimo.

Mimi ndimi niliyepata wazo. Nililiona zuri, na watu wote waliliona zuri, na hilo lingetosha kunitia shaka kama ningekuwa na akili. Niliamua kumtengenezea bao la kubeba, dogo, la kuweza kukaa kwapani, ili aweze kucheza mahali popote: kivulini nyuma ya nyumba yao, zahanati, hata kitandani. Nilikata kipande cha mti mwepesi kutoka kwenye ua wetu, nikakichonga bapa. Mashimo niliyachoma kwa msuka wa jembe kuukuu, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, nikiupasha jikoni hadi uwe mwekundu na kuuzungusha kwenye mti. Ndiyo harufu ile. Mbegu za mgomba mwitu hazikuingia kwenye mashimo madogo namna ile, kwa hiyo nilikwenda kwenye ua wa kanisa nikachuma mbegu za yale maua mekundu ya majani mapana, ndogo, nyeusi, za mviringo. Kila shimo nililipima kwa kidole changu. Kiliingia sawasawa. Baba alipoona kazi ile aliwaita wazee wenzake waje kutazama. Sijawahi kusifiwa vile tena, wala siku niliyofaulu kuingia sekondari.

Melkiori alilipokea kwa mikono miwili. Tulikaa nyuma ya nyumba yao, mimi upande huu, yeye upande ule, na mama yangu alikuwa ameniagiza nisikae karibu. Alijaribu kuchota. Kidole chake kilichoanza kupinda hakikuingia shimoni. Alijaribu cha pili. Mbegu zile ndogo, ambazo vidole vyake havikuzisikia, ziliruka zikatawanyika vumbini, na kuku wakazikimbilia. Nilingoja akasirike. Alicheka hadi akakohoa. "Leonsi," akasema, "umenichongea bao la panya!" Halafu akavunja kijiti cha tete akaanza kuzisukuma kete kwa ncha yake, moja baada ya nyingine, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kilichokuwa kikimchukua pumzi moja sasa kilichukua muda wa kumkamua ng'ombe. Nilikaa nikitazama kijiti. Kusema kweli nilikuwa nikisikiliza kelele za kilimani.

Nilikwenda kwake siku kadhaa mfululizo, kisha nikaruka siku, kisha nikaruka juma. Kilimani nilikuwa wa kwanza sasa. Kelele zote zilikuwa zangu. Na kila aliyeanza kuona haya kwa ajili ya Melkiori alijitibu kwa maneno yaleyale: "Si ana bao lake?" Mama yangu aliyasema, baba yake mwenyewe aliyasema, na mimi niliyasema kuliko wote. Kabla ya bao lile, kutokuwapo kwake kulikuwa jeraha. Mtu akipita pale alisikia kwamba kuna kiti kitupu. Baada ya bao lile jeraha likafunikwa. Nilidhani nimempelekea mchezo. Kumbe nilikuwa nimeufunga mlango wa kilima na kumkabidhi kipande cha ubao wa mlango huo.

Mwishoni mwa kiangazi, mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa Burundi, nilipita kwao kuazima kamba. Nilimkuta nyuma ya nyumba akicheza. Mkono wa kulia ulikuwa na kijiti chake, na wa kushoto, uliokwisha kupinda kabisa, ulikuwa na chake kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ulikuwa mkono dhidi ya mkono. Nikauliza, "Nani anashinda?" "Wa kushoto," akajibu bila kunitazama. "Wa kulia anamwonea huruma." Akacheka kidogo, nami nikacheka. Aibu ikanisukuma kusema nililopaswa kusema miezi iliyopita: "Twende kilimani. Kesho. Nitacheza nawe mbele ya wote, kwa kete kubwa." Aliweka kijiti chini. "Nikakae wapi, Leonsi?" "Mahali pako." "Mahali pangu amekaa mtu." Nikauliza ni nani huyo, kwa ukali, kana kwamba nitakwenda kumtoa. Alinitazama kwa ule upole wake wa zamani, uso ukiwa umeanza kuvimba kwenye nyusi, akasema, "Pole, ndugu yangu."

Kabla mvua hazijashika, gari la misheni lilikuja kumchukua kwenda mahali pa matibabu, mbali, ambako hakuna mtu wa kilima chetu aliyewahi kufika. Alipanda nyuma, bao dogo likiwa kwapani. Habari zake zilikuja kwa vipande, kisha zikakoma. Leo ugonjwa ule una dawa, hutolewa bure, na kila muuguzi atakuambia kwamba mbegu za mgomba mwitu hazikuwa na hatia. Kilima kizima kilikimbia kitu ambacho hakikuwa kinakifukuza.

Mtu aliyepita hayo, mtadhani, hawezi kurudia. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wangu anaitwa Editha. Mama yake, binti yangu, alifariki Editha akiwa bado anabebwa, nami na marehemu mke wangu tukamlea hapa Nyakahura tulipohamia kutafuta malisho. Barabarani, karibu na gulio, ambapo malori yanayokwenda mpakani husimama kununua ndizi na kuku, kuna kibanda cha gemu: mabati, benchi, televisheni moja yenye ufa. Watoto hubanana humo kama viazi ndani ya gunia, wawili wakicheza mpira wa kwenye kioo na waliobaki wakipiga kelele. Editha alikuwa malkia wa kibanda hicho. Nilikuwa nikipita na baiskeli nasikia: "Mtoeni huyo dada, katufunga wote!" "Hatoki mtu! Ukitaka nafasi, nifunge!" Sauti hiyo ilikuwa yake, na sitasema uongo, nilikuwa nikikanyaga pedali polepole ili niisikie.

Lakini watu wana midomo. Kwenye sala ya jumuiya yetu mwanamke mmoja aliniuliza mbele ya wengine, "Mzee, huyu mjukuu wako ni binti au ni kijana? Maana kila siku yuko kibandani na wanaume." Wengine wakatazama chini. Mimi nami nikatazama chini, badala ya kumjibu kwamba mtoto anacheza mchana kweupe na wenziwe aliokua nao. Nikampigia simu mwanangu aliyeko Kahama, nikamwagiza kompyuta ndogo ya kubeba, yenye michezo ndani, ili mtoto acheze nyumbani. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni nyepesi na inacheza kila kitu. Ilipofika, nilimkabidhi Editha kwa mikono miwili, nikisema, "Sasa huna haja ya kibanda." Nilijisikia kama siku ile wazee walipokuja kutazama bao. Hata hapo sikukumbuka. Ndivyo ninavyojishangaa.

Basi nijibu swali la jirani yangu kikamilifu. Kompyuta ndogo ya kubeba ina kifua kidogo. Michezo ya sasa ni mikubwa, na ukiitia humo inahema. Wachezaji wanakimbia kama ng'ombe waliokwama kwenye matope: hatua, kusimama, hatua. Inapata joto, na ikishapata joto inapunguza mwendo ili isijiue. Vitufe vimebanana; vidole vyangu vilivyokakamaa kwa uzee vinabonyeza viwili kwa pamoja, kwa hiyo hata nilipotaka kuwa mwenzake nilimharibia. Ukiichomoa umeme, chaji inakwisha kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Na hapa kwetu umeme wenyewe huondoka bila kuaga. Inafaa kuandikia barua. Inafaa kusomea. Kwa mchezo, ni bao la panya.

Juzi, siku ya ile harufu, niliketi kitandani kando ya Editha, mvua ikiendelea. Alikuwa anahangaika na maandishi madogo kwenye kioo, anazima hiki, anapunguza kile. Nikamuuliza anafanya nini. "Napunguza vitu, Babu, ili iende. Nimetoa vivuli. Nimetoa majani ya uwanja. Bado inakwama." Akabonyeza tena. "Nimetoa na watazamaji." Na kweli, mchezo ukaanza kwenda. Ulikwenda vizuri, laini kabisa, kwenye uwanja wa kijani kitupu, majukwaa yakiwa ya kijivu pande zote bila mtu hata mmoja. Nikamwambia, haraka, kama mtu anayekimbizana na gari linaloondoka, "Editha, mvua ikikatika rudi kibandani. Mimi ndiye niliyekosea. Wakisema, wataniambia mimi."

Hakusimamisha mchezo. Vidole vyake vilikwenda upesi, bila yeye kuvitazama. "Nilikwenda juma lililopita, Babu," akasema. "Sikukuambia." "Wakasemaje?" "Hawakusema kitu kibaya. Waliniuliza kama kompyuta yangu imeharibika. Nikasema hapana. Wakasema, sasa unataka nini huku, si una yako?" Akapiga pasi. "Halafu kuna mtu amekaa pale kwangu."

Sikumuuliza ni nani. Melkiori alikuwa na mimi, niliyekaa mahali pake, wa kumtazama usoni na kumpa pole. Editha hana hata huyo, ana mzee tu wa macho hafifu asiyejua mpira uko wapi. Kilima chetu kilimtenga mtu mmoja kwa hofu, na kiliona haya. Siku hizi tunatengana kwa zawadi, kila mmoja na chake, na haya hatuoni. Mvua ilikatika. Barabarani niliwasikia watoto wakikimbia kuelekea gulioni, wakiitana majina. Editha naye aliwasikia, kwa maana aliinua kichwa mara moja, kisha akakiinamisha. Muda mfupi baadaye akafunga goli. Wachezaji wake wadogo walikimbia hadi pembeni, wakaruka juu, wakainua mikono kuelekea jukwaa la kijivu. Nikapiga makofi. Yalisikika kama makofi ya mtu anayefukuza kuku, nikayaacha.